Roketi Haikunisubiri

11 Februari

Shangazi wangu,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta umekaa, endelea kukaa. Ikikukuta umesimama nyuma ya kichwa cha mteja, mmalize kwanza, maana najua utaisoma kwa sauti saluni nzima isikie, na sitaki mtu aondoke na nusu ya misuko kwa ajili yangu.

Mimi ni mzima. Chumba ni kile kile, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ila nimegundua kwamba Jumapili asubuhi, nikiwa sijatoka, jua hupenya katikati ya kuta mbili, likafika kitandani, likakaa kidogo, likaenda zake. Siku hizi nalitandikia shuka safi kama mgeni. Mwenye nyumba hajambo. Bado analifunga geti kwa kufuli mbili na kusahau alikoweka funguo zote.

Kazini nako salama. Meza yangu bado iko kwenye korido ya kituo cha televisheni, kati ya mlango wa studio na meza ya chai, na bado natafsiri yale maandishi yanayopita chini ya filamu. Wiki hii nimemaliza ya daktari anayelia. Nimeandika "nisamehe" mpaka neno limepoteza ladha.

Nakuandikia hasa kwa jambo moja. Mwezi wa nne kituo chetu kitaonyesha moja kwa moja roketi ikiruka kwenda kutengeneza darubini. Si darubini ya kushika mkononi, Shangazi. Hii ni kubwa kama basi, na imekuwa ikiizunguka dunia miaka na miaka, ikipiga picha za nyota ambazo mwanga wake ulianza safari kabla hajazaliwa mtu yeyote. Sasa inaumwa. Ndani yake kuna vigurudumu vinavyozunguka kwa kasi ili itulie inapotazama. Vimekufa kimoja baada ya kingine, darubini ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa, haioni tena kitu. Wameizima ili ipumzike. Watu saba watapanda, waikamate, watoke nje ya chombo chao wakiwa wamevaa mavazi mazito na glavu nene, wafungue skrubu, watoe vilivyokufa, waweke vipya. Na yote hayo watayafanya wakiizunguka dunia, chini ya miguu yao hakuna sakafu.

Nimesoma habari zake kila siku tangu mwaka uanze. Nikiwa naosha vyombo naiwaza, imelala kule peke yake, jicho wazi, haioni.

Matangazo yatakuja kwa lugha ya huko, na mtu mmoja wa hapa ofisini atakaa studio kuyageuza kwa lugha yetu papo hapo, wao wakisema naye akisema. Naomba uangalie.

Swali dogo kabla sijasahau. Mtu akikaukwa mate wakati anaongea, huwa unamshauri nini? Naulizia mtu.

Nisalimie wote.

Mwanao

---

2 Machi

Bi Kimya wangu,

Marahaba. Barua niliisoma kwa sauti kama ulivyotabiri, na mteja wangu alikuwa na dawa kichwani. Ilibidi niruke ukurasa wa vigurudumu asije akaungua. Baadaye Mwalimu Mstaafu, yule mama anayekuja kila Jumamosi na nywele zake chache, akataka nirudie ukurasa huo mara mbili. Alikaa chini ya draya akiuliza maswali kwa kupiga kelele, kwa sababu ndani ya draya kila mtu anadhani wenzake ni viziwi.

Sisi wazima. Baba yako alipita wiki iliyopita na lori lake, amenenepa, ametuletea ndoo tatu ambazo hakuna aliyeziomba. Anakusalimu. Msusi wangu, yule wa Kicheko, bado anacheka mpaka anapoteza mstari wa msuko. Fundi Viatu wa ng'ambo ya barabara bado anajifanya anakuja kuchenji hela ili achungulie saluni.

Sasa tuache mchezo. "Mtu mmoja wa hapa ofisini." Mtu huyo hana cheo? Hana sura? Ni mnene, ni mwembamba? Mwanangu, mimi nimekulea. Tangu lini ukaulizia mate ya mtu mwingine?

Ni mimi niliyekuombea ruhusa ya kwenda msalani shuleni. Ni mimi niliyemwambia mwenye duka unataka kalamu ya bluu na si nyeusi, wewe umejibanza nyuma ya gauni langu. Simu ukipigiwa unasema "ndiyo", unasema "hapana", halafu unapumua tu, ndiyo maana mpaka leo mimi na wewe tunaandikiana barua kama wafungwa. Na harusi ya baba yako mdogo je? Ulipewa maneno machache ya kuwapongeza maharusi. Ulisimama ukumbini mpaka barafu kwenye soda ikayeyuka, na maneno yako nikayasema mimi kutoka meza ya nyuma, mdomo umejaa keki.

Kama mtu huyo si wewe, mwambie anywe maji ya uvuguvugu, ya baridi hapana. Kama ni wewe, niambie.

Na kama ni wewe, usihangaike. Niachie mimi.

Shangazi yako

---

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hii usiisome kwa sauti.

Naam, ni mimi.

Mkalimani wetu anakwenda likizo ya uzazi. Mkuu wa matangazo, mama mmoja mrefu anayetembea bila kusikika, alinikuta jikoni mwa ofisi nasuuza vikombe. Redio ilikuwa inasoma habari kwa lugha ile ya kigeni, na mimi nilikuwa naifuata, nazigeuza kwa lugha yetu kwa sauti, kama ninavyofanya nikiwa peke yangu tangu utotoni. Hujui kwamba nafanya hivyo. Hakuna anayejua. Alisimama nyuma yangu mpaka habari zikaisha. Nilipogeuka niliangusha kikombe. Akaniambia neno moja, "Wewe," akaenda zake.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nikiweza, nitaajiriwa niwe mkalimani. Nisipoweza, meza ya korido imeshaahidiwa mtu mwingine, na mimi nitarudi nyumbani kukufagilia nywele sakafuni. Sidharau kufagia nywele. Lakini kazi hii naitaka, Shangazi, kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nyote mnadhani mimi ni kimya. Kichwani mwangu hakuna kimya hata kidogo, mle ni soko siku ya mnada. Kinachokosekana ni mlango.

Na kazi yenyewe ina mlango mzuri. Unasikia kwa sikio moja, unasema, na kila mara uko nyuma yao kidogo, kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye umati asimpoteze. Maneno ni ya mwingine. Mimi nafuata mgongo wake tu. Hilo naliweza, nadhani naliweza.

Nafanya mazoezi chumbani. Jana mwenye nyumba aligonga mlango.

"Huyo mwanaume aliyemo humo atoke."

"Hakuna mwanaume."

"Nimemsikia. Anatoa amri."

Nilikuwa naiga sauti ya kamanda wa chombo. Aliingia, akachungulia uvunguni, akaomba radhi, kisha akasema kama nina mwanaume wa kutoa amri si vibaya, ila alipie maji.

Wamesogeza siku. Kuna bomba linavuja mafuta, roketi itaruka mwezi wa tano. Nimefurahi na nimeumia, sijui kipi kimezidi.

Nakuomba jambo moja. Usije huku, usimwambie mtu. Na lile neno lako, "niachie mimi", safari hii usiniambie. Tazama tu.

Mwanao

---

9 Aprili

Mwanangu mpendwa, mpendwa sana,

Marahaba na marahaba tena. Sisi wazima kabisa, hatuna shida yoyote. Mvua imenyesha, imeacha, imenyesha tena.

Nimenunua televisheni! Si mpya, ina historia yake, lakini inawaka. Tatizo lake ni moja dogo: watu wote ni kijani. Msomaji wa habari kijani, rais wa nchi fulani kijani, mtoto wa tangazo la sabuni kijani, na nguo anazofua mama yake ndiyo usiseme. Sauti lakini safi, ni kama wamo humu ndani. Fundi aliyeniuzia anasema macho yatazoea.

Fundi Viatu ameleta ombi rasmi. Anataka kuja siku ya roketi. Nimemwambia sheria ya saluni yangu anaijua, mwanaume mwisho wake ni kizingiti. Akasema basi ataweka kigoda pale pale, nusu ndani nusu nje, na viatu vya wateja wangu vyote atavipiga rangi bure. Nimekubali nusu yake.

Msusi wa Kicheko ameachana na yule mchumba. Anasema jamaa alikuwa hachekeshi.

Ya kazi yako nimesoma, nimeelewa, sina la kusema. Wewe tulia. Mambo mengine hujipa yenyewe yakisukumwa kidogo.

Kula vizuri.

Shangazi

---

27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nipo.

Juzi mkuu wa matangazo aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Akaniambia kuna mama alipiga simu kituoni akaomba kuongea na mwenye televisheni. Wakamuunganisha na yeye mkuu, akaongea mpaka chai ya mkuu ikapoa. Alisema mimi ni mtoto mzuri, nina akili, naandika vizuri, ila kuongea mbele za watu siwezi tangu utotoni, kwa hiyo nipewe kazi ya karatasi wasije wakanidhalilisha. Halafu akasema kama wanakosa mtu, yuko tayari kuja kutangaza mwenyewe, kwa kuwa sauti anayo na amezoea kuongea juu ya kelele za draya.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akaniuliza, "Ni kweli?"

Nilitaka kusema si kweli. Unajua kilichotokea. Nilisimama pale nikapumua.

Kwa hiyo ameweka mtu wa akiba. Mtangazaji wa Mpira atakaa pembeni yangu studio na kipaza sauti chake. Nikinyamaza, yeye anapokea, mimi navua hedifoni natoka. Ni kijana mwema, lakini kwake kila kitu ni mechi. Kwenye majaribio ya jana alisema wanaanga wameingia uwanjani na darubini iko hoi langoni.

Hukusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo linaloniuma. Umenisemea tangu niko mdogo na sijawahi kulalamika. Safari hii umesema jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaamua kama ni kweli.

Sitaandika tena mpaka roketi iruke.

---

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa baridi kama maji ya kuoshea kichwa umeme ukikatika.

Nilipiga. Sikatai. Nilikwenda duka la dawa hapo jirani nikaomba simu, mke wa mwenye duka akinikodolea macho mpaka mwisho. Njiani kurudi nilikuwa najisifu. Nilijiambia, leo nimemwokoa mtoto.

Barua yako nimeisoma kimyakimya. Msusi wa Kicheko akaniuliza, "Mama, leo hatusomewi?" Nikamwambia shika chanuo lako.

Ngoja nikueleze kitu, halafu ninyamaze. Baba yako alipokuleta kwangu baada ya mama yako kufariki, hukuwa hata na umri wa kwenda shule, na ulikaa miezi husemi neno. Daktari akasema tusubiri. Mimi kusubiri sijui. Nikawa nasema yangu na yako. "Anasema ana usingizi." "Anakusalimu." "Amekataa gauni hilo, anataka lile." Watu wakanizoea, nami nikajizoea. Siku moja jirani alikuja, nikamwambia unataka maziwa, na wewe kutoka chini ya meza ukasema, "Hapana." Wazi kabisa, kama mtu mzima. Nililia. Nilikimbia barabarani kuwaambia watu umesema. Lakini sikuacha kukusemea. Nilikuwa nimeshakuwa fundi.

Naona umeniambia "hapana" ya pili. Safari hii nimeisikia.

Sitakuja. Sitapiga. Nina ushauri mwingi juu ya koo na mate na namna ya kukaa kwenye kiti, nimeumeza wote na tumbo limevimba.

Redio imesema wamesogeza tena, mpaka mwezi wa sita. Mwalimu Mstaafu aliniuliza kama darubini itaweza kusubiri. Nikamwambia sijui. Saluni nzima iligeuka kunitazama, Kicheko akaja kunishika paji la uso kuona kama nina homa.

Shangazi

---

14 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo, na hii ni ya moto.

Roketi imeruka. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, kwa kuwa kamera haikuwa upande wetu.

Studio ya mkalimani ni kachumba kenye kuta za sponji kama trei ya mayai, na kioo kimoja. Nyuma ya kioo alikuwa fundi sauti, na nyuma yake mkuu wa matangazo amekunja mikono. Mbele yangu, bilauri ya maji ya uvuguvugu. Kulia kwangu, Mtangazaji wa Mpira, amevaa tai.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Wao walisema, mimi nikasema. Kamanda akaaga familia yake, nami nikaiaga. Nilikuwa nafuata mgongo, sikuwa nafikiri juu yangu kabisa.

Halafu saa ya kuhesabu ikasimama. Wingu. Watangazaji wa kule wakasema watasubiri lipite, wakanyamaza wote kwa pamoja. Kwenye kioo cha televisheni ikabaki roketi imesimama inatoa moshi mweupe, na hedifoni yangu ikawa tupu.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miezi yote nimefanya mazoezi ya kufuata, na sasa hapakuwa na mtu mbele yangu. Mkuu alizungusha kidole hewani, maana yake endelea. Niendelee na nini? Nilivuta pumzi. Nikavuta ya pili. Mtangazaji wa Mpira akanisogelea, akaninong'oneza, "Nikupokee?" Alikuwa hana ubaya wowote, ananionea huruma, na kidole chake kimeshabonyeza kitufe.

Nikamwambia, "Hapana."

Nilimwambia yeye. Lakini kipaza sauti changu kilikuwa wazi, nchi nzima ikasikia. Na ukishaiambia nchi nzima "hapana", huwezi kuishia hapo, itabidi useme hapana nini.

Nikasema hapana, safari haijafutwa, wanasubiri wingu lipite. Nikasema wakati tunasubiri, niwaeleze kazi inayowangoja wale watu saba huko juu. Kisha nikajisikia nasema, "Nina shangazi msusi."

Shangazi, sijui ilitoka wapi. Nikawaambia wamfikirie msusi anayetakiwa kufumua misuko myembamba iliyosukwa na mtu mwingine, zamani, tena bila kukata hata unywele mmoja. Lakini amevaa glavu za kushikia sufuria. Na kiti hakipo, yeye anaelea na kichwa cha mteja kinaelea. Nikasema shangazi yangu hulifunga chanuo lake kwa uzi kiunoni lisimpotee, na wale nao hufanya vivyo hivyo, kila kifaa kina kamba yake, kwa sababu huko kitu kikikuponyoka hakianguki, kinaondoka. Nikasema wateja wote wa shangazi huingia wakiwa na haraka na yeye huwaambia, "Nikikuharakishia utarudi kesho unalia." Nikawaeleza wanapumua nini, wanalalaje, kwa nini darubini ikitetemeka nyota inakuwa ukungu. Fundi sauti alikuja kunijazia maji na kutoka. Lile soko la kichwani, kwa mara ya kwanza, lilifunguliwa geti.

Wingu likapita. Saa ikaanza kuhesabu tena.

Sasa hapa ndipo nilipochekesha. Hesabu kila mtu anaijua, ningeweza kwenda nao sambamba. Lakini nimejifunza nisiseme jambo kabla halijasemwa. Nikahesabu kama mkalimani, nyuma yao kidogo. Nilipofika "nne", moto ukawaka. Nilipofika "tatu", roketi ilikuwa imeshaiacha ardhi. Mtangazaji wa Mpira akaruka kutoka kitini akapiga kelele, "Goooli!" na kipaza sauti chake kilikuwa kimefunguka tangu ile "hapana". Nami kwa sababu hesabu siwezi kuiacha njiani, nikamalizia "mbili, moja" wakati roketi iko mawinguni.

Mkuu alituita wote wawili. Alimtazama mwenzangu, akatikisa kichwa. Akanitazama mimi.

"Roketi haikukusubiri."

"Ndiyo."

"Siku nyingine hesabu usiitafsiri. Hesabu tu."

Nilitoka na "siku nyingine" hiyo nikaizungusha korido nzima. Ilikuwa kweli. Nilikaa studio siku zote za matengenezo. Vigurudumu vipya vimeingia, skrubu moja iliwagomea karibu asubuhi nzima, nami nikahangaika nayo. Juzi waliiachia darubini iende zake, na imetulia, haitetemeki. Jana nimesaini mkataba wa kudumu. Kwenye meza ya korido amekaa dada mwingine, tayari yuko na daktari anayelia.

Hujaandika tangu barua ya Mei. Niliyesema sitaandika ni mimi, si wewe. Uliangalia? Nimetaja saluni yako mbele ya watu bila kukuomba. Nimekusemea, Shangazi. Kama nimekosea, niambie.

Mwanao

---

29 Juni

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, moja ya leo, nyingine ya ile ya Aprili ambayo sikuijibu vizuri.

Sikuandika kwa sababu kila nikikaa kuandika, saluni inajaa. Wanakuja watu nisiowajua wanauliza, "Ni hapa kwa yule msusi wa darubini?" Wanataka kuona uzi wa kiunoni. Ni wa njano, hukutaja rangi, nimekusamehe. Baba yako alisimamisha lori kwenye kituo cha mafuta siku ile, akaangalia pale pale. Anasema aliwaambia wahudumu, "Huyo ni wangu," wakamwambia, "Haya mzee, sogeza lori."

Uliniuliza kama niliangalia.

Tulikuwa wengi mpaka tukakalia ndoo za baba yako. Roketi ilikuwa ya kijani, moshi wa kijani, na wingu lenyewe kijani. Fundi Viatu alianza nusu ndani nusu nje. Saa iliposimama alikuwa ndani mzima, amekaa chini ya draya, na hakuna aliyemwona anaingia.

Ukanyamaza. Palepale wote wakanigeukia mimi. Hawakugeukia televisheni, mwanangu, walinigeukia mimi, wamezoea. Nikasimama. Nisikufiche, nilikuwa na maneno tayari. Niliielekea ile televisheni na chanuo mkononi kana kwamba ungenisikia, na mdomo umeshafunguka.

Ukasema, "Hapana."

Ilikuwa ile ile ya chini ya meza. Haijabadilika hata kidogo. Nikakaa. Nilimkalia mteja miguuni, lakini nilikaa.

Ulipotaja chanuo, Kicheko hakucheka, alishika mkono wangu. Ulipotaja glavu za sufuria, Mwalimu Mstaafu akatikisa kichwa kama anayesahihisha mtihani na kukuta jibu sahihi. Na ulipohesabu "tatu" roketi haipo tena, tulicheka mpaka televisheni ikatingishika ikarudisha rangi zake. Nakuapia. Ilikuwa rangi nzuri kabisa kwa muda wa dakika moja hivi, moto mwekundu na anga ya bluu. Kisha ikarudi kijani.

Huyo aliyepiga kelele za goli, ana mke? Naulizia mtu.

Kukosea hujakosea. Nimesemewa mara moja tu maishani mwangu, na nimeona si vibaya.

Jambo la mwisho. Wakati wingu bado halijapita, Mwalimu aliniuliza, "Huko juu wanapumua nini?" Unanijua. Sijui kitu juu ya hewa ya huko, lakini lini kutojua kumewahi kunizuia? Nikamwambia, "Ngoja, atasema." Na ukasema.

Halafu mteja mmoja wa zamani, amekaa chini ya draya ya pili, akapiga kelele kama wanavyopiga kelele wote walio ndani ya draya, "Mama, huyu si ndiye yule mtoto wako asiyesema?"

Nikaizima draya.

"Shii," nikamwambia. "Anasema."

Msikilizaji wako,
Shangazi